Kahawa Nyumbani kwa Gideon

Usiniambie Gideon hakujua. Alijua sana, na ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Kwa miaka tisa tulikutana kila mwezi hapa Haifa, Wayahudi sita na Waarabu sita, tukizungumza ili tuelewane. Mimi natoka Halisa, mtaa wetu Waarabu, Gideon anakaa kule juu mlimani Karmeli. Binamu yake alipouawa, nilikaa naye matangani siku zote saba. Sikupeleka chakula cha jikoni kwangu, maana mama yake hali kitu kisichopikwa kwa sheria ya dini yao. Nilipeleka matunda mazima na sahani za karatasi. Hakuna aliyenituma, ukimjali mtu unauliza.

Basi mwezi uliopita binti yangu Lubna, nesi, akasimamishwa kazi. Kosa lake? Aliandika kwenye simu dua ya mstari mmoja: Mola awahurumie watoto wa Gaza. Mtu akaipiga picha akaipeleka kwa wakubwa, wakamwita mchochezi. Lubna, aliyewaogesha wazee wa Kiyahudi kwa mikono yake miwili! Kamati ilikuwa ikae Jumapili kuamua kama afukuzwe. Na mkuu wa wodi yake ni nani? Gideon. Mistari miwili tu kutoka kwake ingetosha: namjua binti huyu, ni mtu mwema.

Alhamisi tukakutana kwake. Nikapewa kahawa. Nikaiweka mezani mbele yangu, nisiiguse.

Kwetu hilo linaeleweka: mgeni mwenye haja haonji kahawa mpaka mwenyeji amwahidi kumtimizia. Gideon ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni wa kikundi mila hiyo, tena kwa mbwembwe, utadhani kairithi kwa babu yake.

"Kunywa, mama Lubna, inapoa," akasema, macho kwenye zulia.

"Acha ipoe, daktari. Haja yangu unaijua."

Hagit, anayetuongoza, akaingilia haraka, akanigeukia. "Jamani, mambo ya kazini tuyaache kazini. Hapa tunasikilizana. Rihab, hebu tuambie, unajisikiaje?"

"Najisikia nina mtoto anayefukuzwa kazi! Unataka nijisikieje?"

"Mimi naumia kama wewe," Gideon akasema. "Lakini nikiandika, kesho watanigeukia mimi. Nielewe, dada yangu."

"Miaka tisa nakuelewa wewe. Zamu yangu lini?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, kicheko cha woga. Gideon akainuka, akachukua kikombe changu, akaenda nacho jikoni. Nikasikia kahawa ikimwagwa kwenye sinki. Akarudi na kikombe kingine kinachofuka moshi, akakiweka mbele yangu huku akijitia hamnazo.

"Hii ya moto," akasema.

Angekataa kwa mdomo wake ningemsamehe, maana siku hizi kila mtu ana woga wake. Lakini kunimwagia haja yangu kwenye sinki, kisha anikaribishe upya kama mgeni aliyekuja kustarehe! Nikachukua mkoba wangu nikatoka bila kuaga, Hagit akiniita nyuma nirudi tufunge kikao vizuri.

Lubna alikuwa ananisubiri garini, mikono kwenye usukani.

"Mama, amesemaje? Ataandika?"

"Amenisikiliza, mwanangu," nikasema. "Washa gari."