Upana wa Unywele

Kwetu mimi ni kichekesho. Picha ya marehemu baba niliitundika mwenyewe ukutani, ikainama, na mpaka leo mama huwaambia wageni, "Huyu ndiye anayelenga chombo huko angani. Mungu atunusuru!"

Lakini siku ile sikuwa na hamu ya utani. Chombo chetu kilikuwa kimesafiri miaka kuufuata mwezi mdogo wa sayari ya mbali, na mafuta yaliyobaki yalitosha kukisukuma mara moja tu. Kama kingekosea pembe kwa upana wa unywele, kingeupita mwezi mbali kabisa, na kazi yetu yote ingekuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Kamera ya kutazama nyota ilisema chombo kimenyooka. Nikakataa.

"Jua linakipiga ubavuni," nikamwambia mkuu wetu. Tulimwita Breki, kwa kuwa kila jambo alilisimamisha kwanza. "Mkono unaoshika kamera umepata joto, umepinda. Tukigeuze mkono upoe, kamera ipige picha ya nyota ikiwa kivulini, ndipo tulenge."

"Kikigeuka, antena nayo inageuka. Hatutakisikia. Kisiporudi je?"

"Nifukuze."

Akanikodolea macho. "Haya. Kigeuze."

Tukasubiri. Niliogopa, sisemi uongo. Jirani yangu wa mezani akaninong'oneza, "Dada, mvumilivu hula mbivu."

"Kula wewe," nikamjibu.

Kisha sauti ya chombo ikarudi, na picha ya kivulini nayo. Nyota zilikuwa zimesogea, upana wa unywele, kama nilivyosema! Nikaondoa kosa lile kwenye hesabu, tukawasha injini.

Chombo kilipoufikia mwezi, picha ya kwanza ilifunguka kwenye skrini. Mwezi ulikuwa katikati, mviringo, mweupe. Breki akapanda juu ya kiti akipiga kelele, na jirani yangu akasema, "Jamani, breki zimekatika!"

Nikampigia mama palepale. "Mama, tumepiga katikati!"

Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

"Jumapili nakuja kuinyoosha picha ya baba," nikamwambia.

"Thubutu! Iache hivyohivyo. Mimi naona kainamisha kichwa, anakusikiliza."

Nikalia mbele ya watu wote, na wala sikuona haya.