Kioo Hakikusubiri

Mke wangu alifariki saa nne asubuhi, ameshika beseni la nguo mbichi, siku moja baada ya zahanati kumrudisha nyumbani na vidonge vya kiungulia. Kumbe ni moyo. Hilo tuliambiwa baadaye, wakati halimsaidii mtu.

Kwenye kumbukumbu za zahanati pameandikwa maneno matatu: "Familia ilikataa daktari." Shemeji yangu, kaka wa marehemu, aliyaona kwenye karatasi tuliyopewa, akayasoma kwa sauti mbele ya waombolezaji wote.

"Kumbe wewe ndiye uliyemkatalia dada yangu daktari!"

Tangu siku ile binti yangu, mtoto wangu wa pekee, hakunipigia simu wala kukanyaga kwangu. Ni mwalimu, na shule yake iko nyuma ya karakana yangu. Alianza kuzunguka kwa mbali ili tusionane. Miezi minane. Mimi sikutaka fidia wala pole ya mtu. Nilitaka maneno yale matatu yafutwe, mwanangu arudi.

Kazi yangu ni fundi mizani. Wenye maduka wananiita Gramu, maana mizani ikikosea hata gramu moja siiachii. Shule niliishia darasa la tatu, na mwalimu wetu mwenyewe alikuwa haji zaidi ya siku mbili kwa wiki. Namba nazijua kama vidole vyangu. Maneno hunichukua muda.

Zamani pale mlangoni mwa zahanati alikaa muuguzi mmoja mama mtu mzima, mkali kama pilipili. Alikuwa anakutazama usoni tu, kisha anafoka, "Wewe, pita ndani, unangoja nini?" Wakubwa wakamhamisha. Mahali pake wakaweka tableti juu ya stendi ya chuma. Unaongea, ile akili bandia inasikiliza, halafu inasema nani akamwone daktari na nani aende dirishani kuchukua dawa. Mke wangu aliieleza vizuri: kifua kinachoma, taya linauma, nguvu hana. Kioo kikajaa maneno, na katikati kitufe cha kijani, kikubwa kama kipande cha sabuni. Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna.

"Mzee, unatafuta stesheni ya redio?" mmoja akasema, watu wakacheka.

Kioo kikabadilika, karatasi ikatoka, tukaelekea dirishani. Ndivyo ilivyokuwa.

Nililalamika mara tano, jirani ananiandikia barua. Ya sita ndiyo ikajibiwa: njoo kikaoni. Nikamwomba yule yule jirani amtumie binti yangu ujumbe, "Njoo usikie kwa masikio yako mwenyewe." Akaja. Akakaa viti viwili mbali nami, mkoba mapajani, kama mtu asiyenijua.

Mbele yetu alikaa mkurugenzi wa zahanati, na pembeni yake msichana aliyetoka kwenye kampuni ya ile mashine. Kazi yake, alisema, ni kupanga kioo kionekaneje: kitufe kikae wapi, kiwe na rangi gani.

"Mzee wetu," mkurugenzi akaanza, "mfumo haukumnyima mama daktari. Mfumo uliuliza."

"Uliniuliza kwa mdomo?"

"Kwa maandishi. Tazama. 'Huenda ni kiungulia. Ukikubali kuendelea bila daktari, bonyeza hapa.' Na chini yake, 'Nataka kumwona daktari.'"

"Chini wapi?"

Akanisogezea tableti, ile ile ya mlangoni. Kweli yalikuwepo, ya kijivu juu ya weupe, madogo kama sisimizi.

"Haya mmeyaandika au mmeyaficha?"

Msichana akainamisha kichwa. Nikamgeukia yeye. "Binti, hebu niambie. Mashine yenyewe ilikuwa na hakika kwamba ni kiungulia?"

Akafungua kompyuta yake. "Asilimia hamsini na nne."

"Na arobaini na sita?"

"Moyo. Na mengineyo."

"Mbona mimi sikuonyeshwa hiyo?"

"Tuliambiwa namba zitawatia watu wasiwasi."

"Na nani?"

Macho yalimponyoka yakaenda kwa mkurugenzi.

Nikawaambia jambo ambalo kila fundi mizani analijua. Sindano ya mizani ya kweli hutetemeka kwanza, huenda huku na huku, ndipo ikasimama. Ukiona sindano inasimama hapo hapo kama imepigiliwa msumari, jua mwenye duka ameichezea. Mizani inayoyumba hamsini na nne kwa arobaini na sita mimi naiandika chaki, MBOVU, naiweka chini ya meza. Nyinyi mkaipaka kijani mkaiweka mlangoni.

"Tumekuelewa, mzee," mkurugenzi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetazama saa. "Lakini maandishi yapo. Mtu anayejua kusoma angeyaona, usinielewe vibaya." Akamgeukia binti yangu. "Mwalimu, hebu jaribu wewe."

Binti yangu akaichukua. Alisoma kama wanavyosoma walimu, kuanzia juu, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Akafika kwenye kitufe cha kijani, akakiruka. Akakiinamia kioo ayatafute yale ya kijivu. Kidole kikiwa bado hewani, kioo kikageuka chenyewe: "Asante. Umechagua kuendelea bila daktari."

"Sijagusa," akasema.

"Umekigusa kidogo," mkurugenzi akasema.

"Nimegusa na nini? Na pua? Kidole changu si hiki hapa!"

"Hajagusa," msichana wa kampuni akasema taratibu. "Sekunde ishirini zikipita kioo kinachagua chenyewe. Kinachagua kijani. Uongozi uliomba hivyo ili foleni isikwame."

"Na kumbukumbu inaandika nini?" binti yangu akauliza.

"Familia ilikataa daktari. Haitofautishi. Muda haitunzi, inatunza jibu tu."

Binti yangu akaweka tableti mezani kama kitu kichafu. Kisha akanitazama. Miezi minane sikuwa nimeyaona macho yale. Akahama kiti, akahama na cha pili, akashika mkono wa shati langu.

"Baba. Na sisi tulikusema vile."

Msichana akavuta karatasi. "Nikiandika kwamba hakuna aliyebonyeza, kumbukumbu itasomeka 'haikujibiwa,' na hiki kioo lazima kibadilishwe, wapende wasipende. Ila lazima mzee aseme mwenyewe." Akanitazama kwa huruma. "Mzee, siku ile ulibonyeza?"

Mkurugenzi akaacha kuchezea kalamu.

Nakumbuka kila kitu. Yule wa redio alipowachekesha watu, masikio yaliniwaka moto. Mke wangu, mkono kifuani, akaninong'oneza, "Baba Mwalimu, si umwombe mtu akusomee?" Nikamjibu, "Najua ninachofanya." Nikaweka dole gumba juu ya kijani. Hazikufika sekunde kumi.

"Sikubonyeza," nikasema.

Msichana akaandika. Binti yangu akaegemea bega langu akalia, mwalimu mzima, mbele za watu.

Kumbukumbu imebadilishwa. Kioo nacho kimebadilishwa: vitufe viwili sawasawa, hakichagui mpaka uguse, na mashine isipokuwa na hakika inasema haina hakika, tena kwa sauti. Mkurugenzi hakufanywa kitu. Amepandishwa cheo, anasimamia zahanati saba. Ndio wao waliomuua mke wangu. Walimwondoa muuguzi, wakafanya kijani kikubwa na daktari mdogo, na mtu wa darasa la tatu wakamsimamisha hapo mbele ya foleni. Nasema hivyo kwa yeyote anayeniuliza, na sibadilishi neno.

Shemeji alikuja kuniomba radhi. Binti yangu alimpokea mlangoni kwa maneno ambayo hata mimi yalinichoma: "Baba hakugusa kitu, mjomba. Hakugusa!" Siku hizi mwanangu huja kila Jumamosi, anapika, ananifulia, ananigombeza nikiacha soksi chini ya kitanda.

Jumamosi iliyopita, akiosha vyombo, aliniuliza pale kwenye kioo mama yake alisema nini. Anataka tu kujua, alisema, maneno yake ya mwisho mbele za watu.

Nikamwambia hakusema kitu.