Aliyesoma Mvua ya Aprili

Zipora alishusha kalamu ya risasi hadi mstari wa tarehe kumi na tisa Machi, akafumba macho, akatafuta siku ile. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamevunja uzio wa muhogo, na yeye ndiye aliyetoka kuwafukuza. Kwa hiyo alikuwa nje, na saa tatu ilipofika alikipitia kipimamvua fimbo ingali mkononi. Akaandika Z pembeni mwa mstari, ndogo na safi. Tarehe ishirini Mageni aliamka bila maumivu, akaomba uji, akatoka mwenyewe. M.

Daftari lilikuwa la mwaka 1978. Wakati huo mumewe, Mwalimu Mageni, alikuwa hai, ila miguu ilikwisha kuvimba, na kazi ya kusoma mvua waligawana kufuatana na alivyoamka. Shida ilikuwa mwandiko. Zipora hakwenda shule. Kuandika alijifunza jioni kwa jioni kwa kufuatisha tarakimu za mumewe, hata saba yake ikapata mkia uleule na nne yake ikabaki wazi juu vilevile. Sasa, miaka mitano baadaye, alizitazama namba zile asijue mkono wa Mageni uliishia wapi na wake ukaanzia wapi. Kilichobaki ni kumbukumbu ya siku.

Jana yake mchana gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, hapo Kharumwa. Lilitoka Mwanza, kwenye mfuko wa hisani wa benki, ambao watu waliuita Mfuko tu. Ndio uliowanunulia wacheza ngoma wa hapo ngoma mpya na nguo, ukaweka pampu ya maji zahanati, na mwaka 1971 ukampa Mwalimu Mageni kopo la shaba la kukingia mvua, bilauri ya kupimia na daftari. Kila mwezi kadi moja ilikwenda Mwanza na sahihi ya Mageni. Alipokufa, Zipora aliendelea kusoma, na sahihi akaiweka ileile. Aliogopa kwamba akisema, watakuja kuling'oa lile kopo.

Ofisa aliyeshuka garini aliitwa Donatus, na mkononi alikuwa na cheti chenye jina la Mwalimu Mageni ndani ya fremu ya kioo.

"Shikamoo, mama. Mwalimu yupo?"

"Marahaba, baba. Yupo pale." Zipora alionyesha kaburi nyuma ya minyaa.

Donatus alitazama kaburi, kisha akakitazama cheti. "Tangu lini?"

"Februari ya sabini na tisa."

"Lakini mwezi uliopita nimepokea kadi yake, mama. Nimeishika kwa mkono huu."

"Ni yangu."

Hakufoka. Aliketi kwenye kigoda, akapekua daftari moja baada ya jingine, halafu akasema taratibu kwamba katika kituo kingine, mbali na hapo, kulikuwa na mtu aliyeandika mvua akiwa kilabuni. Wataalamu wakapanga siku za kupanda pamba kwa namba zake, na mbegu zikaozea ardhini.

"Tangu hapo, namba isiyojulikana aliisoma nani inafutwa. Zikiwa nyingi, kituo kinafungwa."

"Na za Mwalimu?"

"Zimechanganyika na zako, mama. Zikifutwa, zinafutwa pamoja. Ndiyo maana nakuomba uzitenganishe. Naenda Geita, narudi Jumamosi. Usipokumbuka, acha wazi. Usikisie."

Alipoondoka alikirudisha cheti garini, akakifunika kwa koti lake.

Zipora alikuwa hajakisia. Januari, Februari na Machi zilikwenda vizuri, na mistari iliyobaki wazi ilikuwa sita tu. Akafungua Aprili, akakuta siku tatu zilizomkwamisha: tarehe kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu. Sita nukta mbili. Sifuri. Thelathini na moja nukta tano.

Siku hizo hakuwepo. Alikwenda Buseresere, kwa binti yao Klara aliyekuwa amejifungua, na ndiyo mara ya mwisho kulala nje ya nyumba hii. Mjukuu wa pili na wa tatu hajawaona mpaka leo, maana saa tatu ya asubuhi hujirudia kila siku na kopo halina mtu mwingine. Na Mageni, wiki ile, hakuweza hata kugeuka kitandani. Zipora aliporudi alimwuliza, "Mvua ilikuwepo?" Mumewe akajibu, "Ilikuwepo, nimeandika." Hakuuliza zaidi.

Aliandikaje?

Angeweza kuweka M tatu pale, na hakuna mtu chini ya jua angejua. Hakuziandika. Kama Mageni alitunga namba zile akiwa amelala chali, basi hana tofauti na yule wa kilabuni, na mkewe ndiye wa kulisema. Alitamani kumwuliza. Ndivyo ilivyokuwa tangu msiba: kila neno la maana lilikuwa la kumwambia mtu aliye nyuma ya minyaa.

Siku zile alikuwa amemwacha mgonjwa kwa Apolonia, jirani wa ng'ambo ya kisima. Miaka minne hawakuwa wametembeleana. Siku ya maziko Zipora aliinuka kwenye mkeka wa wafiwa, saa tatu, akaenda kusoma kopo, na Apolonia akasema mbele ya wanawake wote, "Mwacheni, anakwenda kumlilia mume wake wa shaba." Walicheka, msibani. Zipora hakulisahau.

Akajifunga kanga, akaenda.

Apolonia alikuwa anapepeta mtama, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, Mama Klara. Kopo limekupa ruhusa leo?"

"Mwadila. Nimekuja kuuliza neno moja, nirudi. Nilipokwenda Buseresere kwa uzazi wa Klara, nani alisoma mvua?"

Ungo ulisimama. Apolonia alitazama huku na huku, ingawa uani hapakuwa na mtu.

"Nilijua siku moja utaliuliza. Ukicheka nitakumwagia hizi pumba."

"Sicheki."

"Nilimbeba."

"Ulimbeba nani?"

"Mwalimu! Mgongoni, kwa kanga, kama mtoto. Alilia, Mama Klara. Mwanaume mzima ananililia saa tatu inapita, saa tatu inapita. Ningefanyaje? Alikuwa mwepesi kama kapu. Nikamfikisha, nikamimina maji kwenye bilauri, nikainyanyua mpaka kwenye jicho lake, maana kuinama hawezi. Akasoma. 'Teremsha kidogo, Apolonia. Usitikise.' Ananiamrisha utadhani niko darasani! Asubuhi tatu."

"Hata ile ya sifuri?"

"Hata hiyo. Nikamwambia kopo kavu, nimeliona kwa macho yangu. Akasema mpaka alione yeye."

Zipora aliketi chini, kwenye makapi. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nimembeba mumeo mgongoni? Si ungenifuata na mchi? Na yeye aliniapisha. Alisema, 'Zipora ataona nimekwisha.'" Akauchukua ungo tena. "Siku ya msiba ulipoinuka kwenda huko, niliingiwa na wivu. Sijui wivu wa nini. Nikasema nililosema."

Hakuna aliyeomba msamaha wala aliyeutoa. Apolonia alimfungia mtama kidogo kwenye kitambaa, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Nyumbani aliketi tena mbele ya daftari. Alifurahi, na furaha ile ilimchoma, kwa sababu kulikuwa na asubuhi tatu za mumewe ambazo mtu mwingine alikuwa nazo miaka yote hii. Akaandika M, M, M. Kisha, kwa kuwa Donatus alisema asikisie, na kuficha aliona hakupishani sana na kukisia, akaongeza kwa herufi ndogo: *Bilauri ilishikwa na Apolonia.* Pengine Mfuko utazifuta kwa hilo. Hakulifuta.

Akafungua Mei. Tarehe mosi, kumi na nne nukta nane. Aliutazama mstari ule muda mrefu. Siku ile haikumjia, akauacha wazi. Akajaribu ya pili, akajaribu ya tatu, na mwanga wa dirishani ukawa hafifu. Ilibaki Mei nzima, na miezi saba baada yake, na leo ilikuwa Alhamisi. Aliweka kalamu katikati ya kurasa, akaliacha daftari wazi mezani, akaenda kuchambua mtama.