Aerts na Wenzake

Profesa Herwig Wouters alikuwa na donda moja lisilopona: jina lake linaanza na W. Katika kazi yao ya fizikia majina ya waandishi wa waraka wa utafiti hupangwa kwa alfabeti, na dunia hulitaja la kwanza tu. Waliobaki wote huitwa "na wenzake". Miaka thelathini Wouters amekuwa mwenzake fulani. Sasa amepata ugunduzi wa kumtoa kimasomaso, na sifa inamwendea Lutgard Aerts, aliyekuja juzi tu, mwenye mkataba unaokwisha Septemba.

"Tukishachapisha, kazi ya kudumu ni yako," Wouters alimwambia. "Ila usijione."

Ugunduzi wenyewe uliitwa nutrino tasa, chembe ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Ndiyo raha yake: unaithibitisha kwa kutoiona. Kinu cha nyuklia humwaga nutrino za kawaida bila hesabu, na wataalamu hawa tisa waliweka mtambo wa kuzihesabu mita saba tu kutoka kinuni. Kinu kikiwaka, wanahesabu. Kikizimwa, wanahesabu tena, wapate vurugu za miale ya angani, ambazo mtambo huzihesabu pia, kisha wanazitoa kwenye hesabu ya kwanza. Kinachobaki ni nutrino. Zikapungua saba katika kila mia zilizotarajiwa. Basi wakaamua kwamba hizo saba zimegeuka tasa, wakakata keki ya cheri, wakapigana mabegani kwa pongezi.

Alhamisi mchana Lutgard alikosa kiti kwenye meza ya madaktari wa fizikia. Akaketi na Staf, fundi wa bwawa la maji lililo juu ya mtambo wao, aliyekuwa akinywa supu yake ya nyanya.

"Jumatatu kinu kinazimwa," Staf alisema. "Nina bwawa la kumwaga."

"Bwawa lipi?"

"Hilo la juu yenu. Kinu kikizimwa tunalimwaga, tunalisugua, tunalijaza kabla hakijawashwa. Mwaka wa ishirini huu."

"Na hukutuambia?"

"Nani aliniuliza, mama? Nyie hata salamu mnatoa kwa kipimo."

Lutgard akapiga hesabu pale pale. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yakizuia miale. Kinu kikizimwa maji hayapo, miale inamiminika, vurugu zinazidi, nao wanatoa kupita kiasi. Hakuna nutrino hata moja iliyopotea. Madaktari tisa, miaka minne, na hakuna aliyeinua shingo kutazama juu. Alitamani angepata kiti kule kwa wenzake, asijue. Septemba aliiogopa, aliiogopa kweli.

Kesho yake walikutana kuutuma waraka. Orodha ya majina ilimulikwa ukutani kutoka kwenye kompyuta, kubwa, Aerts juu kabisa. Lutgard akawaeleza habari ya bwawa.

"Tutaliandika chini ya ukurasa kwa herufi ndogo," Wouters alisema.

"Haitoshi, Profesa. Jibu lote limekwenda na maji."

"Binti, unajua ni wangapi wanaitaka nafasi yako?"

"Najua. Nitoe jina."

Wouters akalifuta mwenyewe, haraka, bila kuficha furaha. Hapo Joris Baeten, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimwitikia Profesa kila neno, akatazama ukutani na kuliona jina lake limepanda juu. Akakohoa.

"Kusema kweli, hata mimi hili bwawa limekuwa likinisumbua," akasema. Alikuwa amelisikia dakika nne tu kabla.

Baeten akafutwa. Claes akapanda juu, na dhamiri yake ikazinduka. Kisha Dhondt. Kisha Goossens, aliyedai hata hakuusoma waraka wenyewe. Dhamiri za mabwana hawa zilikuwa zimepanga foleni kwa alfabeti, na hakuna iliyoamka kabla ya zamu yake. Mwisho ukutani likabaki jina moja, Wouters, la kwanza hatimaye, halina hata mwenzake mmoja. Akafunga kompyuta.

Septemba mkataba wa Lutgard ulikwisha na hakuna aliyemtetea. Aliyembebea maboksi hadi garini ni Staf.

Novemba ulitoka waraka mwingine: bwawa, maji, miale, na kwamba nutrino tasa hazikuonekana. Uliandikwa vizuri, ukasifiwa kila mahali kwa uadilifu wake. Unaitwa Baeten na wenzake.