Vibandiko Viwili

Mtafiti alivaa hedifoni mwenyewe, akawasha sauti ya sikio la kushoto, akaisikia kulia. Akarudia. Kulia tena! Miezi saba ya kuja gerezani kila Jumanne na Alhamisi, shahada imeahirishwa mara mbili, mama mzazi haishi kumpigia kumuuliza anamaliza lini, kumbe kibandiko cha "kushoto" kimekaa kulia.

Jaribio lenyewe halikuwa na makuu. Sentensi moja, "Mlango umefungwa," inasemwa kwa furaha, hasira, woga au huzuni katika sikio moja, na mfungwa anabonyeza kitufe cha hisia aliyoisikia. Sikio la kushoto hupeleka habari zaidi nusu ya kulia ya ubongo, na la kulia nusu ya kushoto. Alitaka kujua kama kwa watu wasio na huruma nusu hizo hugawana kazi ya hisia kama kwetu sisi wengine. Pande zikichanganyika, hakuna utafiti tena, kuna makelele tu.

Mbele yake alikaa mfungwa waliyemwita Mpole, ambaye kila mara alimsaidia kupanga meza. Mtu nadhifu, hata waya haachi umejikunja.

"Wewe ndiye unayehamisha vibandiko?"

"Siku nyingine."

"Siku zipi?"

"Sikuandika, dada."

Damu ilimchemka. Sikuandika! Angevigeuza siku zote, si mtafiti angebadilisha pande kwenye majedwali jioni moja yakaisha? "Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea kitu. Nilitaka kuona uso wako siku utakayogundua." Akainama mbele, akamkagua nyusi, mdomo, kidevu, bila haraka. "Nilidhani utalia."

Mtafiti alitamani kumtupia mashine nzima. Miezi saba imekwenda na maji, na mwenye kuimwaga ametulia, mikono magotini!

Kisha uso wa Mpole ukalegea. "Nisamehe, dada," akasema, sauti ikishuka na kutetemeka kidogo mwishoni, sawasawa na rekodi namba nne, ile ya huzuni. Mtafiti aliijua kila pumzi ya rekodi ile, maana aliisema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Na bado kidole chake kilikwenda chenyewe, kikabonyeza kitufe cha huzuni.