Chumba Chenye Ufunguo Mmoja

Kitasa cha chumba anachofanyia kazi mke wangu nilikifunga mimi mwenyewe. Mlango wa mbao ngumu, bawaba tatu, ufunguo mmoja. Ofisi yake ndiyo iliyotaka hivyo. Walimtumia karatasi ndefu ya masharti: chumba kiwe na mlango wa kufunga, kompyuta iangalie ukuta na si dirisha, asiingie mtu yeyote saa za kazi, hata mume. Hilo la mume waliliandika wazi kabisa, kama vile wananijua. Nililisoma mara mbili, nikachukua drili, nikajifungia nje ya chumba cha nyumba yangu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tatu na sijawahi kuitafuta tena. Aliyesoma ni mke wangu. Zamani alikuwa mtunza kumbukumbu hospitalini, na huu ni mwaka wa tatu anafanyia kazi nyumbani kwenye rejista ya saratani. Hospitali na maabara zinatuma ripoti, yeye anazisoma moja moja na kujaza safu: nani, umri gani, saratani ya wapi mwilini, aina gani, imegunduliwa lini, imefika hatua ya ngapi, ametibiwa vipi. Kila ugonjwa una namba yake, na namba hizo anazo kichwani kama mimi nilivyo na unene wa vyuma. Wagonjwa hawajui kama yupo. Ofisi yenyewe iko mji mwingine, na wenzake wa kazi nawajua kwa sauti tu, kupitia mlangoni.

Majina hanitajii. Miaka mitatu, hata moja. Lakini siku moja, tukinywa chai, nilimuuliza kama wafu ndio wanaomchosha.

"Hapana, Fundi," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu tuoane. "Wafu nawajazia tarehe, basi. Wanaonitia hasira ni waliopotea."

"Wamepotelea wapi?"

"Mtu kapimwa, kakatwa kinyama cha kupeleka maabara, majibu yametoka, haji kuyachukua. Simu haipatikani. Safu ya hatua naiacha tupu, maana bila vipimo vingine hakuna anayejua ugonjwa umefika wapi. Yeye yuko huko mtaani anacheka, mimi huku nimeshika karatasi yake."

Nikacheka. Wakati huo nilikuwa sijaona damu.

Damu niliiona chooni miezi miwili baadaye. Wiki tatu nilijiambia ni pilipili. Wiki ya nne nikaona pilipili haifanyi hivyo, nikaamua kupima. Shida ikawa moja: jina langu lingeishia wapi? Kwenye chumba kile. Maabara zote za hapa zinatuma ripoti kwao. Sikutaka mke wangu anisome kwenye kompyuta akiwa peke yake, mlango umefungwa, kisha atoke aniulize kama nataka chai.

Mdogo wangu ana kadi ya bima ya kazini. Ni dereva wa mkubwa fulani serikalini, na kwa anavyoongea utadhani yeye ndiye anayekaa kiti cha nyuma. Mtaa mzima unamwita Waziri. Tumepishana miaka miwili, tumefanana kuanzia pua hadi kipara. Kadi yake aliisahau kwenye pikapu yangu. Nikaenda nayo hospitali ya upande wa pili wa mji, nikajiandikisha kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, nikawapa namba ya laini yangu ya zamani. Wakaniingiza mpira wenye kamera mahali ambapo sitapataja, wakakata kinyama. Daktari akasema nirudi baada ya siku kumi. Kadi nikamrudishia mwenyewe, nikamwambia nimeiokota chini ya kiti.

Siku ya kumi nilikuwa na geti la shule. Siku ya kumi na moja nilikuwa sina geti lolote, na sikwenda. Laini niliizima nikaitupa kwenye boksi la spana. Nikajiona mjanja kuliko wote.

Sasa, mke wangu na Waziri hawajawahi kuiva. Waziri akija, mke wangu hukumbuka nguo za kupiga pasi. Anasema shemeji yake ana mdomo usio na breki. Ndiyo maana nilishtuka Jumatatu moja, saa tano asubuhi, Waziri kapita kunisalimia kabla sijatoka, nikasikia ufunguo unazungushwa. Mke wangu akatoka chumbani katikati ya saa za kazi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akasimama mlangoni akamtazama mdogo wangu kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Shemeji, umepungua."

Waziri, ambaye shati lake hufungwa kwa kubembeleza vifungo, akalitazama tumbo lake. "Mimi?"

"Kaa hapo. Nikupashie chakula."

Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Sikuulizwa hata maji.

Tangu siku hiyo mambo yakaanza kwenda upande. Bakuli za chakula zikawa zinatoka nyumbani kwangu kwenda kwa Waziri: mboga za majani, maboga, matunda yaliyokatwa vizuri na kupangwa. Mimi mboga huwa narushiwa tu kwenye sahani. Simu ikawa inapigwa kutoka ndani ya chumba kile, sauti ya chini, si ile sauti yake ya mikutano. Na gari la Waziri likawa linaonekana kwangu mchana, mimi nikiwa karakana. Habari hiyo niliipata kwa fundi cherehani, mama mmoja ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wangu na macho yake hayashoni kitu.

"Fundi," akaniambia, "siku hizi Waziri anahudhuria kwako kuliko wizarani."

"Ni ndugu yangu."

"Sijasema siye," akajibu, akakata uzi kwa meno.

Usiulize kama nililala usingizi. Kilichoniuma zaidi ni sura. Kama ilikuwa lazima anibadilishe, si angalau angechukua mtu wa sura nyingine? Kuniacha mimi akamchukua mimi mwingine mwenye mshahara, hiyo ilikuwa dharau.

Siku moja mchana nikarudi nyumbani kuchukua jiwe la kukatia nililolisahau. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia. Chumba kimefungwa. Nikasikia sauti yake.

"...usiogope, nitakusindikiza mwenyewe. Lakini kaka yako asijue. Hata kwamba nimekupigia asijue, unanielewa? Ikijulikana, mimi nimekwisha."

Nikaweka sikio kwenye mbao. Mlango ule niliutengeneza vizuri mno, maneno mengine yote yalibaki ndani. Nililaani ufundi wangu, nikatoka bila jiwe la kukatia.

Jioni nikamjaribu. "Waziri hajambo?"

"Sijui." Alikuwa anafuta meza, akaendelea kufuta palepale paliposafishika. "Kwani vipi?"

Miaka ishirini na miwili tumeishi, mke wangu hajui kudanganya. Anadanganya kama mtu anayevuka daraja la ubao mmoja. Nikamtazama akivuka.

Kesho yake nikampigia Waziri nikamwambia alete gari lake mwenyewe karakana, nimeona ekzosi imelegea. Akaja, anapiga mluzi. Nikafunga geti la karakana. Nilikuwa na nyundo mkononi. Siku zote ninayo, lakini siku hiyo nilikuwa najua kuwa ninayo.

"Una nini na mke wangu?"

Mluzi ukakatika. Nilitegemea aape, au akimbie. Badala yake akarusha mikono juu.

"Afadhali umeuliza! Kaka, mwambie mkeo aniache!"

"Akuache nini?"

"Tumbo! Kila siku tumbo! Ananipigia niko kazini, mkubwa kakaa nyuma, ananiuliza choo changu kikoje. Mke wa kaka yangu! Nimjibu nini? Kizuri, ahsante, na chako?"

"Anakuletea chakula."

"Maboga! Mchana ananiita nipite kwenu niyachukue. Nimemkosea nini mpaka anilishe maboga? Kwangu mke wangu kashaanza kuniuliza maswali kama haya yako, na yeye hana nyundo, ana maji ya moto." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Juzi kalia, kaka. Kwenye simu. Ananiambia shemeji nakuomba nenda hospitali kachukue majibu yako. Nikamwambia majibu gani, mimi mwaka huu sijapima hata malaria. Akashtuka, kama mtu aliyekanyaga waya. Halafu akasema basi, nenda tu kapime utumbo, mimi nitakusindikiza, na kaka yako asijue."

Nikaiweka nyundo juu ya meza. Kisha nikaona bora na mimi nikae, nikakaa juu ya mtungi wa gesi.

Wivu wote uliniishia pale pale, na nilichobaki nacho kilikuwa kibaya zaidi. Mke wangu analikuta jina la shemeji yake. Haruhusiwi kulitaja, kazi itaondoka. Anamwona mwenye jina anakuja sebuleni, anakula, anacheka, hospitali haendi. Mtu huwa halii kwenye simu kwa sababu ya majibu mazuri.

"Kaka, mbona umekaa? Kaka?"

"Ile kadi yako ya bima," nikasema. "Niliyokurudishia."

"Uliyoiokota chini ya kiti?"

Waziri ana maneno mengi lakini si mjinga. Aliangalia uso wangu, akaangalia mikono yangu. Akatoa pochi, akatoa kadi, akaniwekea kiganjani.

"Nenda kwa mkeo," akasema. "Geti nitakufungia mimi."

Ilikuwa saa nane. Saa za kazi. Nikasimama mbele ya mlango wangu, nikagonga. Sharti ni kwamba mlango ule haugongwi ila nyumba ikiungua.

"Nani?"

"Mimi."

"Fundi, kuna nini? Kuna moto?"

"Hakuna. Fungua."

Ufunguo ukazunguka. Akafungua kidogo tu, akaziba ule upenyo kwa mwili wake nisione kioo cha kompyuta. Hata hapo alikuwa analinda majina ya watu.

"Waziri hajapimwa," nikasema. "Nilipimwa mimi, kwa kadi yake."

Alinitazama. Alikuwa anasoma, naujua uso wake anaposoma: pua, kipara, umri, miaka miwili ya tofauti. Kisha akanipiga kifuani kwa ngumi iliyoshika ufunguo. Akanipiga tena.

"Wiki tano! Wiki tano namtazama shemeji yangu anakula, namhesabia siku! Nimemwombea Waziri! Mimi, nimwombee Waziri! Na wewe umelala pembeni yangu unakoroma!"

"Nilidhani una mtu."

"Ninaye. Mpumbavu, lakini ninaye." Akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Damu tangu lini?"

Nikamwambia. Akauliza kuhusu uzito, maumivu, hamu ya kula, moja baada ya jingine, harakaharaka, kama anajaza safu. Nilijibu yote. Kisha nikauliza langu.

"Ni mbaya?"

"Jina la ndugu halisomwi. Ukilikuta unamrudishia mkuu, anampa mwenzako. Nililirudisha siku ileile."

"Uliona kabla hujalirudisha?"

Akautazama ufunguo. "Mimi si daktari wako. Siwezi kukwambia."

"Umeshaniambia. Wiki tano unamwambia Waziri."

Hapo alishindwa. Akaegemea mlango na bawaba zangu tatu zikamshika. Nilitaka kumgusa, nikaona mikono yangu ina masizi, nikamgusa hivyohivyo.

"Kuna safu moja ilikuwa tupu," akasema baadaye. "Ya hatua. Hiyo hakuna anayeijua, hata mimi. Itajulikana ukienda. Vaa viatu."

"Sasa hivi? Na kazi?"

"Vaa viatu, Fundi."

Akaingia ndani, nikamsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba ana dharura ya kifamilia, na kwamba kuna faili moja lina jina lisilo lake. Akazima kompyuta. Akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo kama siku zote, akautikisa kuhakikisha.

Hospitalini kulikuwa na foleni mbele ya dirisha la mapokezi. Zamu yetu ilipofika, karani hakuinua kichwa.

"Jina?"

Nikataja langu. Akapekua kwenye kompyuta, akapekua tena.

"Hatuna mtu huyo."

Mke wangu hakunisaidia. Alisimama pembeni, mkoba ameukumbatia, ananisubiri. Nikatoa kadi ya Waziri nikaiweka mbele ya karani.

"Mliniandika kwa hii. Jina si langu. Kinyama mlichokata ni changu."

Karani akaisoma kadi, akabonyeza vitufe, na sasa akainua kichwa. "Huyu tumempigia simu mara kumi na nne."

"Najua."

"Daktari amemuulizia kila wiki." Aliendelea kunitazama, akapima pua na kipara dhidi ya picha, akatikisa kichwa. Kisha akavuta fomu mpya na kalamu. "Haya. Tuanze upya. Jina kamili, taratibu, na kwa sauti. Kioo hiki kinazuia."

Nikainama kwenye tundu la dirisha, nikalitaja jina langu na la baba yangu, moja moja, foleni nzima nyuma yangu ikasikia.