Nimemaliza Chai, Washa

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha printa, Elieth alimpigia mama yake simu kumwuliza kama amekwisha kunywa chai. Alipiga akiwa amesimama, simu kaibana kati ya sikio na bega, huku mikono yake ikishindilia udongo kwenye bomba na kufuta ncha ambamo udongo ulitokea kama dawa ya meno. Karakana ilikuwa Kizota, nyuma ya duka la mabati. Mama yake, Raheli, alikuwa nyumbani Zuzu. Siku nyingine aliomba angojewe kidogo kwa sababu chai ilikuwa bado ya moto, au kuku walikuwa hawajafunguliwa. Siku nyingi alisema tu, "Nimemaliza. Washa."

Elieth alibonyeza kitufe cha kijani. Ncha ya printa ikaanza kuzunguka ikitaga udongo duara juu ya duara, na huko Zuzu Raheli akainuka kwenye kigoda, akainama, akaanza kutembea kinyumenyume.

Raheli alikuwa mfinyanzi. Hakuwa na gurudumu, wala mama yake hakuwa nalo. Aliweka udongo chini juu ya kigae, akauinamia, mkono wa kulia ndani na wa kushoto nje. Chungu kikabaki palepale na yeye ndiye aliyekizunguka, kinyumenyume, mpaka mdomo ukakamilika. Hivyo ndivyo vyungu vya ukoo wao vilivyofinyangwa, na vilikuwa havipasuki.

Mradi mmoja wa wafadhili ulipoleta printa ya udongo, vyungu vyake vilisimama kama walevi na tanuri likavimaliza. Meneja wa mradi, Stanley, kijana mpole aliyependa kusikiliza watu, alimwuliza Elieth, aliyekuwa ametoka chuoni na cheti cha elektroniki na bado yuko kwenye majaribio ya kazi, kama anamjua mfinyanzi yeyote. Elieth akasema anamjua. Magoti ya mama yake yalikuwa yameanza kulia kila anapoinuka, na ukutani kwenye karakana palikuwa na bango kubwa: FUNDI APUMZIKE, MASHINE IFANYE KAZI.

Raheli alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Walimfunga vidude vyeusi vyenye taa kwenye viwiko, kiunoni na juu ya vifundo vya miguu, akafinyanga chungu kimoja cha maji huku kompyuta ikinywa kila hatua yake. Walimshukuru sana, wakampa soda na nauli. Kesho yake printa ilitoa chungu kilichosimama wima, na Raheli, aliyekuwa anakoroga mlenda, aliacha mwiko ndani ya sufuria akaanza kuzunguka jiko. Alizunguka mpaka watu wa karakana walipokwenda kula. Jioni Elieth alimkuta amelowesha miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Nadhani mmeanza," mama yake alisema.

Zuzu walizoea upesi. Mwanzoni Raheli alizunguka chochote kilichokuwa mbele yake, ndoo, mbuzi aliyefungwa, mgeni aliyekuja kukopa chumvi. Baadaye Elieth alimwekea kigoda katikati ya ua, na ardhi ikachimbika pande zote za kigoda kama njia ya ng'ombe. Vijana waliokuja na kamba na vigingi kupima viwanja, maana mji ulikuwa unawajia mbio, walimtania wakipita.

"Mama, na wewe umejipimia?"

"Nimejipimia," aliwajibu akiwa amewapa mgongo, "hati tu ndiyo bado."

Kanisani wazee waliondoa benchi la mwisho, akapewa nguzo ya nyuma, kwa kuwa kuna Jumapili oda zilikuwa hazingoji. Katekista Sostenes alipotaja somo la siku alingoja mpaka Raheli atokee upande wa pili wa nguzo, ndipo akalitaja tena. Hakuna aliyeona kuwa ni usumbufu. Watu walisema yule mwanamke hata zamani hakuwa wa kukaa.

Umeme ulipokatika, Raheli aliketi. Bartolomayo mwenye mashine ya kusaga aliacha hata kutazama taa zake. Alichungulia tu juu ya ua, na akimwona ameketi alifunga mlango akaenda zake kunywa togwa. Wanawake waliokuwa njiani na madebe ya mtama kichwani waliambiana, "Raheli ameketi," wakageuza. Ndizo saa alizosuka nywele, akachagua mchele, akanyoosha miguu mbele yake na kuitazama kama miguu ya mtu mwingine. Kisha mradi ukapata sola na betri, na tangu hapo umeme wa mji ukikatika karakana haikujua. Bartolomayo alirudi kutazama taa zake, na alilalamika.

Vyungu vikubwa havikumchosha sana, kwa sababu duara lake lilikuwa pana na mwendo wa utulivu. Shida ilikuwa vikombe. Printa ilipotoa vikombe vya kahawa, Raheli alizunguka kwa kasi mahali padogo pa kutosha sinia, mpaka miti ya jirani ikamzunguka yeye, na jioni hakuweza kula. Kila kikombe kilikuwa na maneno chini ya kitako: KIMETENGENEZWA KWA MIKONO. Maneno hayo pia yalichapwa na printa.

Elieth alimweleza Stanley. Stanley aliguswa kweli. Alinunua raba nyeupe zenye soli nene na fulana ya mradi yenye maneno ya bango, akazileta Zuzu mwenyewe, akamfuata Raheli mzunguko mmoja mzima akiwa ameinama ili shikamoo yake isikatike katikati. Picha ilipigwa. Raba zilikuwa nzuri, hazikuteleza hata kwenye tope.

Elieth ndiye aliyekuwa haketi. Karakana walimpa kiti chenye magurudumu, akakitumia kuwekea mkoba. Wakati wa chakula cha mchana alikula amesimama mlangoni, akibadilisha mguu, na wenzake wakamwambia ana kichaa cha mama yake. Alicheka nao. Kila printa ilipomaliza chombo na kutulia kabla ya kuanza kingine, naye alivuta pumzi, akahesabu moyoni kwamba sasa yuko kwenye kigoda, sasa ameshika goti, sasa ameinuka.

Wakati wa mavuno ya karanga, Tereza alituma salamu kutoka Mpwapwa kwamba atakuja Jumamosi. Tereza alikuwa dada mkubwa wa Raheli na macho yake yalikuwa yanafungwa na ukungu. Daktari alikuwa amemwambia aone anachotaka kuona mapema. Alisema hataki kuona kitu. Anataka kuketi na mdogo wake wabambue karanga kama walivyokuwa wakibambua kwa mama yao, magoti yakigusana, basi.

Raheli hakuwahi kuomba jambo lolote karakana. Siku ile alimwambia Elieth huku akivua raba, "Jumamosi nataka kuketi."

Elieth alikwenda kwa Stanley kabla hata ya kuvua kofia ya bodaboda.

"Jumamosi ndiyo vikombe vya hoteli," Stanley alisema. "Wageni wao wanaingia mwisho wa wiki ijayo."

"Mama naye ana mgeni."

Stanley alivua miwani. Alikuwa mtu wa kufikiri jambo mpaka mwisho. Aliuliza kama mgeni anaweza kuja Jumapili, na Elieth akasema mgeni haoni vizuri na kuna mtu wa kumpandisha basi siku ile tu.

"Sasa wale mama wa kupaka rangi na kufunga maboksi niwaambie nini?" Stanley aliuliza. "Hawa wanalipwa kwa kikombe. Nao ni mama za watu, Elieth."

Hilo lilikuwa kweli. Elieth aliwajua wote kwa majina ya watoto wao. Alisema sawa, kisha akasema sawa tena, kwa sababu hakujua namna ya kumwambia hapana mtu aliyevua miwani.

Jumamosi alipiga simu kama kawaida. Nyuma ya sauti ya mama yake alisikia sauti nyingine ikiuliza sukari iko wapi.

"Nimemaliza," mama yake alisema. "Washa."

Kabla ya kubonyeza, Elieth alishika kirungu cha mwendo akakirudisha nyuma, akakirudisha tena, mpaka mahali ambapo hakuna aliyewahi kukifikisha. Ncha ya printa ikaanza kwenda kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Alimwomba mwenzake Shamila ajaze udongo bomba likikauka, akatoka, akapanda bodaboda.

Aliwakuta uani. Tereza alikuwa amekalia kigoda, ungo wa karanga mapajani, na Raheli alikuwa akimzunguka taratibu, ameinama, raba zikisaga mchanga.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Elieth huyo? Mama yako yuko wapi sasa?"

"Yuko nyuma yako."

"Enhe, namsikia. Ana viatu vipya." Tereza alibambua karanga, akainua mkono wenye punje kando ya bega lake, na Raheli alipofika akazipokea, akatia mdomoni, akaendelea. "Mama yetu alikuwa anazunguka hivihivi. Ila katikati kulikuwa na chungu. Raheli, nizunguke tu, usinifunge mdomo."

"Wewe ungefungika mdomo," Raheli alisema akipotea nyuma yake, "ningekwisha kukuuza Mpwapwa."

Walicheka. Elieth alikaa kizingitini, akasimama, akaenda kuangalia maji, akarudi.

"Keti sasa, mdogo wangu," Tereza alisema.

"Siwezi, dada. Kuna oda."

"Ya nani?"

"Ya hoteli."

Tereza alibambua mbili tatu. Maganda yalimwangukia miguuni na Raheli akayakanyaga alipopita.

"Ulipokuwa unafinyanga vyako, uliketi saa ngapi?"

"Chungu kikiisha."

"Na hiki kinaisha lini?"

Raheli alikuwa amefika nyuma ya dada yake. Kwa mwendo ule wa siku hiyo ilichukua muda kurudi upande wa uso, na Tereza alingoja, kichwa kakiinamisha kufuata sauti ya raba. Elieth naye alingoja. Raheli alitokea, mkono wa kulia ukiwa ndani ya kitu kisichokuwapo na wa kushoto nje yake.

"Hiki hakiishi," alisema.

Tereza aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu, akainua tena mkono wenye punje kando ya bega. Hivyo ndivyo walivyomaliza ungo mzima. Magoti yao hayakugusana. Jioni mtu wa kumpandisha Tereza basi alipokuja, Raheli alimsindikiza dada yake mpaka pale duara lake lilipomruhusu.

Vikombe vilipotoka tanurini, Stanley aliinua kimoja dirishani, akaona mwanga unapenya ukingoni. Hakuna kilichopasuka. Alivishika kimoja kimoja kama mayai, akauliza nani alibadili mwendo, na Elieth akasema ni yeye. Alifikiri atafukuzwa. Stanley alimpa mkono. Alisema majaribio yake yamekwisha, sasa ni mwajiriwa kamili, na kuanzia siku hiyo kila kitu kitafinyangwa kwa mwendo huo.

"Tena mama hatakimbia," Stanley alisema, na alifurahi kwa dhati. "Si umeona? Ukisikiliza fundi, njia inapatikana."

Ila kwa mwendo huo vikombe vilikuwa vichache, na oda zilikuwa palepale. Wafadhili walielewa. Kabla mtama haujaisha mashambani, printa ya pili ilishushwa Kizota ikiwa bado ndani ya boksi lake. Elieth aliuliza kama mama yake atahitajika tena kuja kupimwa.

"Hapana, hatuna haja ya kumsumbua," Stanley alisema. "Tutaipa mwendo uleule."

Siku ya kuijaribu Elieth aliwahi nyumbani. Raheli alikuwa ameshapata kigoda cha pili, akakiweka hatua chache kutoka kile cha kwanza, na alikuwa akivizunguka vyote viwili kwa mstari mmoja kama namba nane, akibadili mkono wa ndani kila alipopita katikati. Alikuwa amevaa fulana. Mchanga mpya ulikuwa umeanza kuchimbika. Elieth, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameketi, alikwenda kwenye kigoda cha mbali.

"Hicho hapana," mama yake alisema akipita. "Hicho ni changu."

Elieth alihamia kile kingine. Aliketi, mikono katikati ya magoti. Mama yake alikwenda akakizunguka kigoda chake kitupu, akarudi, na kila alipomfikia mwanawe mkono wa kulia ulishuka ukamgusa utosini, kwa ndani, pale unapolainishwa mdomo wa chungu, kisha ukaondoka.

Asubuhi Elieth alijaza udongo kwenye mabomba, akafuta ncha, akapiga simu.

"Nimemaliza," mama yake alisema. "Washa."

"Zote mbili?"

"Zote, mama."

Elieth alibonyeza kitufe cha kwanza, akangoja kidogo mama yake azoee, kisha akabonyeza cha pili.